Neostigimini haivunji dawa ya kulegeza misuli

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kwa mtu anayelaza wagonjwa usingizi kila siku: "Nimeshampa neostigimini, rokuroniamu imevunjika, mtoe tyubu ya kupumulia." Haijavunjika! Rokuroniamu ni dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, na neostigimini ni dawa ya kutengua ulegevu huo. Naomba tulimalize jambo hili, maana anayeliamini hupeleka chumba cha kuamkia mgonjwa ambaye koo lake bado halina nguvu.

Neostigimini haiigusi rokuroniamu hata kidogo. Inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamrisha msuli, pale neva inapokutana na msuli. Asetilikolini inaongezeka, inagombea vipokezi na rokuroniamu, na msuli unaanza kuitika. Rokuroniamu yenyewe bado imo mwilini, inasubiri ini liichukue na kuitoa kwa njia ya nyongo. Kimeng'enya kikishazuiwa chote, kuongeza dozi hakuna faida. Ndiyo maana mgonjwa ambaye misuli yake haijaanza kurudi kabisa hatenguliwi kwa neostigimini, hata ukimwongezea. Subiri. Sugamadeksi, dawa nyingine ya kutengua, nayo haivunji kitu: inaizingira rokuroniamu, kisha zote mbili zinatoka kwa mkojo.

Sasa, dawa ya kulegeza misuli inayovunjwa kwelikweli ni suksametoniamu. Kolinesterasi ya plazma, kimeng'enya kilichomo kwenye damu na kinachotengenezwa na ini, inaiharibu sehemu kubwa ya dozi kabla haijafika kwenye msuli. Kidogo kinachofika hakivunjwi hapo, kwa kuwa kimeng'enya hicho ni haba mahali pale; kinarudi kwenye damu na kuvunjwa huko. Kwa kawaida mgonjwa anapumua tena ndani ya dakika 5 hadi 10. Aliyerithi kimeng'enya chenye kasoro anaweza kukaa saa kadhaa bila kupumua. Kipimo cha dibukaini (asilimia ya kimeng'enya hicho inayozuiwa na dawa ya ganzi iitwayo dibukaini), kilichoelezwa na mtafiti Kalow mwaka 1957, kinawatambua: mtu wa kawaida hupata karibu 80, aliyerithi kasoro ile kwa wazazi wote wawili karibu 20.

Na hapa ndipo imani ile inapoumiza. Neostigimini inazuia pia kolinesterasi ya plazma. Mgonjwa amechelewa kuamka baada ya suksametoniamu, mtu anakimbilia neostigimini "ivunje dawa", kumbe amekizuia kimeng'enya kilekile kilichopaswa kumwokoa. Mpumulishe, mwache alale usingizini, subiri, kisha ongea na ndugu zake wa damu wapimwe. Ukiletewa aliyekunywa sumu ya kuulia wadudu ya aina ya oganofosfeti, jua kimeng'enya chake kimeshazuiwa kabla hujafungua ampuli ya suksametoniamu.

Atrakuriamu, nayo ya kulegeza misuli, haihitaji ini wala figo ili iachie misuli. Kwa joto na pH ya mwili inajisambaratisha yenyewe, na sehemu nyingine huvunjwa na esterasi, vimeng'enya ambavyo si kolinesterasi ya plazma. Ndiyo maana ampuli yake ina tindikali na hukaa kwenye friji; ikisahaulika juu ya meza ya dawa, nguvu yake inapungua siku hadi siku. Mgonjwa aliyepoa mwili hukaa nayo muda mrefu zaidi. Ni kiasi gani hupita njia ipi, vitabu huandika kana kwamba limeshaamuliwa, ilhali watafiti wamepishana sana.

Vekuroniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, kwa kifupi: ini likiibadilisha, moja ya mazao yake bado linalegeza misuli, na kwa mwenye figo mbovu linalundikana. Kubadilishwa na ini si lazima kuwe mwisho wa kazi ya dawa.

Linalonisumbua ni sehemu zisizo na kifaa cha kupima mwitiko wa neva. Tunamwambia mgonjwa ainue kichwa kwa sekunde 5, akiweza tunaridhika. Lakini wapo wanaoweza hivyo wakati uwiano wa mipigo minne (nguvu ya mwitiko wa nne wa msuli ukilinganishwa na wa kwanza, neva inaposhtuliwa mara nne) uko karibu 0.6, na tunachotaka ni 0.9 au zaidi. Sina jibu safi la hapo. Mimi huangalia saa ya dozi ya mwisho, naipa neostigimini dakika 10 zake, na simwachi mgonjwa kwa muuguzi mpaka nimeona anakohoa kwa nguvu na kumeza mate yake.