Papai, nyungu na sindano: maswali mnayoniuliza kuhusu korona

Nyungu inaua virusi vya korona au haiui?

Haiui. Na nyungu naijua: bibi alikuwa anachemsha mkaratusi, mchaichai na majani ya mlimao, anatufunika blanketi mpaka jasho linachuruzika. Pua inazibuka, usingizi unakuja. Lakini virusi vikishakuingia vinakuwa ndani ya seli za mwili. Mvuke wa kuviunguza humo utakuunguza wewe kwanza.

Lakini papai si lilikutwa na korona?

Hili naulizwa mpaka leo. Mei 3, 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, na majibu yakarudi kwamba zina virusi. Tuseme ndivyo ilivyokuwa. Kipimo kile hutafuta chembe za vinasaba vya kirusi na kuzirudufu mara nyingi sana, kwa hiyo uchafu kidogo tu kutoka kwenye glavu au sampuli ya jirani unaweza kulifanya hata papai lionekane linaumwa. Ndiyo maana maabara makini hupima pia sampuli tupu isiyo na kitu, na vipimo vingi hukagua kama sampuli ina vinasaba vya binadamu. Papai lilipaswa kukwama hapo. Sasa, maabara ikikosea, unairekebisha. Papai halikuthibitisha kwamba watu hawaumwi. Sisi takwimu zetu ziliishia hapo hapo Mei, wagonjwa 509 na vifo 21, zikaganda zaidi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo wanasiasa wetu ndio waliotudanganya?

Wetu peke yao? Marekani, Trump aliipigia debe haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kabla haijapimwa vya kutosha. Juni 15, 2020 mamlaka yao ya dawa ikafuta kibali cha dharura. Kuna baya zaidi. Mwaka 2024 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba jeshi la Marekani liliendesha akaunti bandia mitandaoni kuwatia Wafilipino shaka juu ya chanjo ya China. Kwa hiyo anayekwambia mabeberu wana ajenda zao hajakosea. Anakosea anaporuka kutoka hapo hadi "basi sindano ni sumu".

Si kweli kwamba dawa za bei nafuu zinafichwa ili kampuni ziuze chanjo?

Deksamethasoni ipo kwenye maduka ya dawa tangu wazazi wetu vijana, na bei yake ni ya kawaida kabisa. Juni 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliowekewa mashine ya kupumulia. Ikatangazwa dunia nzima. Utafiti huohuo ulipima haidroksiklorokwini, haikusaidia. Sharti ni kupimwa, na nyungu nayo ingepimwa hivyohivyo. (Usikimbilie kununua deksamethasoni, lakini: kwa asiyehitaji oksijeni haina faida, inaweza hata kumdhuru.)

Chanjo ya Janssen inagandisha damu?

Kwa wachache sana, ndiyo. Aprili 2021 Marekani iliisitisha kwa siku kumi baada ya visa sita kwenye dozi zaidi ya milioni sita, kisha ikaendelea. Rais Samia alichanjwa hadharani Julai 28 mwaka huohuo, dozi zaidi ya milioni moja za chanjo hiyo zikiwa zimeshafika nchini. Kwa maoni yangu, habari ya damu kuganda ilitakiwa isemwe palepale na kwa sauti. Watu walikuja kuisikia kwenye sauti za WhatsApp, wakajiona wamefichwa jambo.

Mama yangu ana sukari, ana mafua na bado anataka kujifukiza. Nimkataze?

Mwache azibue pua, ila sufuria ikae mezani, isiwe chini ya blanketi, na watoto wakae mbali. Akianza kuhema au kifua kumbana, achana na mkaratusi, mpeleke hospitali usiku huohuo.