Lipidi ni nini hata mtu amalize miaka 30 akiichunguza?

Mpwa wangu anasoma uhandisi kemikali. Alipokuja Tanga likizo iliyopita alitusimulia barazani habari za profesa mmoja wa fani yake, ambaye maisha yake yote ya kazi yamekwenda kwenye lipidi, maada za nano na picha za hadubini. Mama yangu alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akauliza, "Lipidi ndiyo nini?" Mpwa akajibu, "Mafuta, Bibi." Bibi akasema kama ni mafuta, yeye anayo miaka hamsini na hajaitwa profesa.

Jibu la mpwa halikuwa kosa, lilikuwa fupi tu. Kiswahili kina majina kemkem ya vitu hivi: mafuta, samli, shahamu, nta, na sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa mashua hupaka mbao zisinywe maji. Tulichokosa ni jina moja la kuvikusanya vyote, ndipo vitabu vya sayansi vikachukua neno lipidi. Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, imo humo. Nta ya nyuki imo. Hata silikanti, samaki wa kale ambaye kwa ajili yake Tanga ilipata hifadhi ya bahari mwaka 2009, ana kiungo kilichojaa mafuta yanayompunguzia uzito majini.

Vitabu husema lipidi ni vitu vya viumbe hai visivyoyeyuka kwenye maji. Ni kweli, lakini naiona maana ya kivivu: inakwambia kisichotokea. Mtu hakai maabara miaka yote hiyo kwa sababu ya kisichotokea.

Twende kwenye molekuli yenyewe. Chukua fosfolipidi, aina iliyojaa kwenye kiini cha yai. Ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Itie kwenye maji pamoja na wenzake mamilioni, kila mmoja atatafuta namna ya kulowanisha kichwa na kuficha mikia. Njia iliyo rahisi ni kujipanga safu mbili, mikia ikitazamana ndani, vichwa nje pande zote. Safu hizo mbili ndizo utando unaozunguka kila seli ya mwili wako. Hakuna fundi aliyezipanga. Na tukisema mikia "inakimbia" tunasema kwa mkato tu, maana ni molekuli za maji zinazong'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe na kuisukuma mikia kando. Mhandisi akiona ukuta unajijenga bila mjenzi, hataki kulala.

Mikia nayo ina tabia. Chukua chupa ya mafuta ya nazi hapa Ngamiani, Tanga mjini, yanamiminika. Ipandishe Lushoto, kule milimani, asubuhi ya baridi, utayachokoa kwa kijiko kama samli. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa kuwa mikia yake mingi imenyooka na hulalana vizuri kama kuni zilizofungwa mzigo. Ya alizeti yana mikia yenye vipindo, hayalaliani, na baridi ya Lushoto hayaijali. Kwa kuchagua mikia, mtafiti anaamua utando wake uwe mgumu au mlaini, uvujishe au ushike.

Sasa hilo la nano. Siku hizi neno hili linabandikwa hata kwenye sabuni, nami nimeacha kuliamini likiwa dukani. Kwenye sayansi lina kipimo: nanomita 1 ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja, na utando wa seli una unene wa nanomita 4 au 5. Benjamin Franklin, Mmarekani, alikigusa kipimo hiki bila kujua. Mwaka 1774 alichapisha habari za kijiko cha chai cha mafuta alichomimina kwenye bwawa la Clapham, London, kikatuliza mawimbi kwenye eneo la karibu nusu eka. Gawanya mwenyewe: mililita 5 juu ya mita za mraba 2,000 ni unene wa nanomita 2.5, yaani molekuli moja tu imesimama. Franklin hakupiga hesabu hiyo. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwanamke wa Kijerumani aitwaye Agnes Pockels, ambaye hakupata kusoma chuo kikuu, alikuwa akipima tando kama hizo juu ya maji jikoni kwao, na majibu yake yakachapishwa mwaka 1891.

Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walikamua lipidi za chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta zinafunika mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Basi utando ni safu mbili! Kinachonichekesha ni kwamba walikosea mara mbili: hawakutoa lipidi zote, na eneo la chembe walilipima dogo. Makosa yakafutana, jibu likatoka sawa.

Kuviona vitu hivi kwa macho ndiko kugumu. Hadubini ya mwanga hukwama kwenye nanomita 200 hivi, kwa sababu mawimbi ya mwanga wenyewe ni makubwa kuliko kinachotafutwa. Hadubini ya elektroni huona vidogo zaidi, ila kitu hukaa ndani yake pasipo hewa, maji yakakauka, na lipidi isiyo na maji husahau umbo lake. Ukigandisha nako ni balaa. Aliyewahi kutia nyanya kwenye friza anajua: zikiyeyuka zimelegea, maana barafu ilipojijenga ilizichoma kwa ndani. Jacques Dubochet wa Uswisi na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waligandisha maji haraka mno, kwa kutumbukiza tone jembamba kwenye ethani, gesi iliyopozwa kwa naitrojeni kimiminika hadi nayo ikawa kimiminika, hata barafu isipate nafasi ya kujipanga. Maji yakawa kama kioo, na kilichomo kikabaki kilivyokuwa. Mwaka 2017 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia na Joachim Frank na Richard Henderson.

Hadubini ya elektroni ndiyo iliyomwonyesha Alec Bangham wa Uingereza, miaka ya 1960, kwamba lipidi za yai zikitiwa maji hujifunga vifuko vyenye tabaka kama maganda ya kitunguu. Vifuko hivyo ndivyo liposomu. Watu wakaona mara moja: kama ni kifuko, kitabeba dawa. Lakini liposomu za mwanzo zilikuwa kama wasemwavyo wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo: ziliingia kwenye damu, ini na bandama zikazimeza, hazikufika zilikotumwa. Ilibidi zivishwe nyuzi za kuzificha. Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya namna hiyo, Doxil, mwaka 1995. Amfoterisini B, dawa inayotibu kala azar, ugonjwa wa vimelea, huumiza sana figo ikiwa peke yake. Ikifungwa kwenye lipidi, ukali huo hupungua.

Chanjo za UVIKO-19 za mRNA, yaani molekuli inayoibebea seli maagizo ya kutengeneza protini, zilisafiri ndani ya punje za lipidi za nanomita 100 hivi. Kila punje ina lipidi za aina nne, kolesteroli ikiwamo, na moja kati yake hubadilisha chaji ikikutana na uchachu ndani ya seli, ndipo mzigo unashushwa.

Nilimuuliza mpwa, mhandisi anaingia wapi hapo? Akasema kwenye kuchanganya. Lipidi huyeyushwa kwenye spiriti, mRNA kwenye maji yenye uchachu kidogo, kisha mikondo miwili inagonganishwa kwenye mfereji mwembamba. Ikichanganyika upesi, punje hutoka ndogo na za kulingana. Ikichelewa, hutoka kubwa, kila moja na saizi yake.

Bibi alikuwa amekwisha kukuna, tui liko jikoni. "Kwa hiyo yote hayo ni kukoroga," akasema. Akamtuma mpwa akashike mwiko kabla tui halijakatika.