Mashabiki wanaposema "ufundi" kwenye kuteleza kwa barafu, wanamaanisha nini?

Ukitaka kuona watu wazima wakigombana juu ya kifundo cha mguu, taja majina ya watelezaji wawili tu: Yuna Kim na Mao Asada. Wote walizaliwa Septemba 1990, mmoja Korea Kusini, mwingine Japani. Walipambana tangu wakiwa wadogo, na wote walishastaafu. Lakini ugomvi wa mashabiki wao haujastaafu. Mpaka leo yupo mtu anayesimamisha video, anaikuza mpaka miguu ijae kioo, halafu anauliza: "Huo ndio ufundi mnaousema?"

Neno lenyewe ndilo linalowachanganya. Ufundi, wanavyolitumia, una maana mbili zilizokaa chumba kimoja. Ya kwanza ni ugumu: umejaribu kitu gani. Ya pili ni usafi: umekifanyaje. Anayemshabikia mwenye miruko mizito husema "ufundi" akimaanisha ugumu. Anayemshabikia mwenye miruko safi husema "ufundi" akimaanisha usafi. Wanaweza kubishana usiku kucha, na kila mmoja akawa sahihi kwa maana yake.

Olimpiki ya Vancouver 2010 ndiyo mfano usioisha utamu. Mao alitua Axel tatu, mruko mgumu wa mizunguko mitatu, katika shindano moja: moja kwenye programu fupi na mbili kwenye ndefu, maana kila mtelezaji huteleza mara mbili na alama hujumlishwa, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya kabla yake. Axel ndiyo mruko pekee ambao mtelezaji anaondoka akitazama mbele lakini anatua akirudi nyuma, kwa hiyo "mitatu" yake ni mitatu na nusu. Yuna hakuwa na mruko huo kabisa. Alichokuwa nacho ni Lutz, mruko mwingine, ya mizunguko mitatu iliyounganishwa na mruko mwingine wa mitatu, anaiingia kwa kasi ambayo wengine huitumia kuvuka uwanja tu. Yuna alipata alama 228.56, Mao 205.50.

Shabiki wa Mao atakwambia: aliyefanya gumu kuliko yote kaibiwa. Shabiki wa Yuna atajibu: hebu tazama orodha yote. Na kweli, programu ndefu ya Mao siku ile haikuwa na Lutz wala mruko uitwao Salchow, na mruko wake mmoja wa mitatu ulifunguka hewani ukawa wa mzunguko mmoja. Lakini usimwache huyu naye apite hivihivi, maana programu ya Yuna haikuwa na mruko mwingine uitwao loop, ule wa mizunguko mitatu. Kila mmoja alikuwa na pengo lake, na kila kambi imelikariri pengo la mwenzake.

Sasa hicho kifundo cha mguu. Chuma cha chini ya kiatu kina mfereji mwembamba katikati, kwa hiyo kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Wengi huzunguka hewani kuelekea kushoto. Mtu wa namna hiyo akitaka kuruka Lutz, anateleza kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, ameegemea ukingo wa nje, akichora mkunjo mrefu kwenye barafu. Kisha anachomeka meno ya mbele ya kiatu cha kulia na kuruka akizunguka kinyume na mkunjo aliokuwa anauchora. Mwili unataka kwenda huku, mruko unadai kule. Mruko uitwao flipu unafanana nayo sana, ila mguu wa kushoto unaegemea ukingo wa ndani, na mzunguko unakwenda na mkunjo badala ya kupingana nao. Ndiyo maana flipu ni rahisi zaidi.

Kinachotokea kwa wengi ni hiki: wanaingia vizuri kabisa na ukingo wa nje, halafu nukta ya mwisho kifundo kinalalia ndani. Aliyeanza Lutz ameruka flipu. Mashabiki waliyaunganisha majina hayo mawili wakapata "flutz", na neno hilo limeharibu urafiki wa watu wengi. Jopo la kiufundi, yaani maofisa wanaotambua kila mruko, huandika herufi e kosa likiwa wazi, na alama ya mshangao pale ukingo usipoeleweka vizuri. Ukitaka kuliona mwenyewe usitazame mruko. Tazama mguu wa kushoto kabla ya kiatu cha kulia kugusa barafu. Baada ya hapo umeshachelewa.

Kosa la pili linalotafutwa kwa darubini ni mzunguko usiokamilika. Mtelezaji anatua kabla hajamaliza, kisha anamalizia kiatu kikiwa tayari kwenye barafu. Kwa macho ya kawaida huoni kitu. Kwenye marudio ya polepole unaona chuma kimegusa kikiwa kimeelekea pembeni. Ikikosekana zaidi ya robo ya mzunguko, thamani inakatwa. Ikikosekana nusu au zaidi, mruko wa mitatu unahesabiwa kuwa wa miwili. Wakati wa Vancouver hapakuwa na hatua ya katikati. Ukizidisha robo, ulishushwa moja kwa moja. Anayetaka kumhukumu Mao kwa kanuni za sasa akumbuke hilo.

Karatasi ya majaji yenyewe inajaribu kupima maana zote mbili. Kila mruko una thamani yake ya msingi, huo ndio ugumu. Kisha majaji wanaongeza au kupunguza kwa ubora, tangu 2018 kuanzia kutoa 5 hadi kuongeza 5, na kila ngazi ni asilimia 10 ya thamani ya msingi. Chukua msimu wa Olimpiki ya Beijing 2022: Axel ya mizunguko mitatu ilikuwa na thamani ya 8.00, Lutz ya mitatu 5.90. Lutz safi iliyopewa ngazi nne inafika 8.26. Axel uliyoanguka nayo inapoteza 4.00 za ubora na alama moja zaidi ya adhabu, unabaki na 3.00. Beijing hiyohiyo Alexandra Trusova wa Urusi alijaza miruko mitano ya mizunguko minne kwenye programu ndefu, akaongoza sehemu hiyo, lakini alikuwa ameanguka na Axel kwenye programu fupi. Dhahabu ikaenda kwa Anna Shcherbakova. Kaori Sakamoto wa Japani, asiye na Axel ya mitatu wala mruko wowote wa minne, alichukua shaba kwa kasi na usafi.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo wabishi huisahau: usilinganishe alama za enzi tofauti. Mfumo wa zamani, ambao alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0, uliondolewa baada ya kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City 2002, na ngazi za ubora zilipobadilishwa mwaka 2018 rekodi za zamani ziliwekwa kando. Kusema fulani ana 240 na Yuna alikuwa na 228 hakuthibitishi chochote.

Na umaarufu? Huo hauna safu kwenye karatasi, na hauifuati medali. Michelle Kwan wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia mara tano bila dhahabu ya Olimpiki, na bado watu wanalijua jina lake kuliko la baadhi ya waliomshinda. Mao kwenye Olimpiki ya Sochi 2014 aliharibu programu fupi akawa wa 16, kesho yake akateleza programu ndefu ya maisha yake, akamaliza wa sita akilia. Waulize mashabiki wanakumbuka nini zaidi katika Olimpiki ile, wengi watamtaja huyo wa sita.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Olimpiki ya Sapporo, Japani, 1972. Wakati ule nusu ya alama ilitokana na kuchora duara na umbo la nane kwenye barafu, polepole, majaji wakiinama kukagua mistari. Beatrix Schuba wa Austria hakuwa na mpinzani katika uchoraji huo. Kwenye kuteleza huru alikuwa wa saba, na bado akapata dhahabu. Janet Lynn wa Marekani alianguka akakaa chini kwenye barafu katikati ya mzunguko, akainuka akitabasamu, akapata shaba. Wajapani wakampenda yeye. Mwaka uliofuata programu fupi ikaingizwa kwenye mashindano na uzito wa ile michoro ukapunguzwa, na baada ya 1990 haikuchorwa tena kwenye mashindano makubwa.