Seli mundu, Vernon Ingram na mambo tunayoambiana ambayo sio kweli

Kuna maneno kuhusu seli mundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu ambao seli nyekundu zinapinda kama mundu, yanazunguka kwenye magrupu ya wazazi, kwenye vikao vya ukoo, hata kwa watu waliosoma vizuri tu, na mengi yanaanguka ukishajua kazi aliyoifanya mtu mmoja anaitwa Vernon Ingram pale Cambridge, Uingereza, mwaka 1956 na 1957. Naandika kwa sababu haya maneno yanaumiza watu, yanavunja ndoa, yanachelewesha watoto hospitali, alafu ukweli wenyewe upo wazi miaka karibu 70 sasa.

"Ugonjwa wa kurithi ni kazi ya madaktari, mkemia anatafuta nini humo"

Ingram hakuwa daktari wa hospitali. Alikuwa mkemia, PhD yake aliipata 1949 Birkbeck College, London, kwenye kemia ogania, ile kemia ya kaboni inayowatoa wanafunzi jasho sekondari. Alizaliwa 1924 Breslau, mji uliokuwa Ujerumani enzi hizo (leo uko Poland unaitwa Wrocław), akafika Uingereza 1938 kwa kuwakimbia Wanazi akiwa kijana wa miaka 14, na wakati wa vita alikuwa anafanya kazi kiwanda cha dawa mchana, jioni anaenda darasani. Baadae akaenda Marekani kujifunza protini, na 1952 akaingia maabara ya Cavendish kwenye timu ya Max Perutz, na kazi aliyoitiwa ilikuwa ya kikemia kabisa, kubandika atomu za zebaki kwenye hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ili kina Perutz waweze kusoma umbo lake kwa eksirei. Yaani hakuna aliyemwita aje kutatua ugonjwa wa watu.

Sasa jinsi alivyofika kwenye seli mundu ndo panaponivutia zaidi. Hemoglobini ni protini kubwa, imeundwa na asidi amino (vipande vidogo vinavyojenga protini) 574 zilizoungana kwenye minyororo minne, na enzi hizo hakuna aliyeweza kuisoma yote. Waliojaribu kuhesabu asidi amino zote za hemoglobini ya mgonjwa na ya mtu asiyeumwa wakazilinganisha hawakupata tofauti ya kueleweka, kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo mno kuonekana kwenye jumla kubwa namna ile. Ingram akaikatakata kwanza. Akatumia tripsini, kimeng'enya kinachokata protini sehemu maalum tu, akapata vipande kama 30, akadondosha mchanganyiko kwenye karatasi, akapitisha umeme upande mmoja vipande vikatawanyika kulingana na chaji zake, alafu akaigeuza karatasi na kuacha kimiminika kipande juu yake vikatawanyika tena upande wa pili, mwisho akapulizia ninhidrini, kemikali ya kuonyesha madoa hayo, madoa yakatoka na rangi ya zambarau. Akaweka karatasi ya damu ya kawaida pembeni ya karatasi ya damu ya mgonjwa. Madoa yote yanafanana, isipokuwa moja limehama. Akalichukua lile doa, akalivunja taratibu, na 1957 akatangaza kwamba pale penye asidi ya glutamiki kwa mtu wa kawaida, kwa mgonjwa kuna valini, asidi amino nyingine. Leo tunajua ni nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta. Kitu kimoja tu ndani ya mnyororo wa asidi amino 146!

"Si alikuwa Linus Pauling?"

Pauling anastahili heshima yake na simnyang'anyi. Yeye na Harvey Itano, Singer na Wells kule Caltech walionyesha 1949 kwamba hemoglobini ya mgonjwa ina chaji ya umeme tofauti na ya kawaida, na kwamba mtu mwenye AS (jeni moja ya kawaida, A, na moja ya seli mundu, S) anazo zote mbili zimechanganyika kwenye damu yake. Ndo mara ya kwanza ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa molekuli. Ila tofauti yenyewe ni nini na iko wapi hawakuijua, iyo ilikuja na Ingram miaka minane baadae. Na wengine wanadhani aliona kwa kusoma DNA kwa mashine, hapana, mwaka 1957 hakuna aliyekuwa anajua kusoma herufi za DNA, msimbo wa jeni ulianza kufunguliwa 1961. Yule mtu aliliona kosa la jeni kwa kuangalia protini tu, na hesabu yake ikaja kukubali: herufi moja ya DNA imebadilika, A imekuwa T, na matokeo yake ni hii valini.

"Damu yao haiwezi kubeba hewa"

Hii hata kwenye vipeperushi nimeiona. Hemoglobini S, ile ya mgonjwa, inabeba oksijeni. Shida inaanza ikishaiachia. Asidi ya glutamiki ina chaji na inapenda maji, valini haina chaji na inayakimbia maji kama mafuta, kwa iyo hemoglobini ikishatoa oksijeni yake ile sehemu ya valini inatafuta pa kujificha na inajibandika kwenye hemoglobini jirani, na ile nyingine inabandikwa na nyingine, mpaka zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli nzima ikapinda. Seli iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo, inaziba, na kule mbele ya pale palipoziba ndo maumivu yanatokea, mifupa, kifua, tumbo, na kwa watoto wadogo vidole vinavimba. Na seli zenyewe hazidumu. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi kama siku 120, hizi zinakufa ndani ya wiki mbili tatu, ndo maana macho yanakuwa manjano na damu inapungua kila wakati.

Ukielewa hapo unaelewa kwa nini wanaambiwa wanywe maji mengi, wasikae kwenye baridi, wasikimbizwe mpaka wahemee sana. Seli ikikauka hemoglobini inabanana ndani yake na nyuzi zinaundwa haraka. Mtoto akiomba kutoka darasani kwenda kunywa maji mwalimu amruhusu, hadeki.

"Anaishiwa damu, mpe vidonge vya kuongeza damu na juisi ya rozela"

Mtu anaona mtoto mweupe viganja anakimbilia vidonge vya madini chuma. Lakini upungufu huu mara nyingi hautokani na kukosa chuma, unatokana na seli kuvunjika kabla ya wakati, na chuma kilichokuwemo ndani yake kinabaki mwilini. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza hata kuwa na chuma kimezidi kikaharibu ini na moyo. Kwa iyo chuma ni mpaka kipimo kionyeshe kinapungua kweli. Kinachotolewa kliniki kila siku ni foliki asidi, aina ya vitamini, kwa sababu mwili unatengeneza seli mpya kwa kasi kubwa na foliki inaisha. Rozela, mchicha, bitiruti, mpe kama chakula, hakuna ubaya wowote, ila hakuna juisi inayoweza kuiondoa valini pale ilipo na kurudisha glutamiki. Anayekuuzia dawa ya kusafisha damu anakuibia.

"Mtoto alizaliwa mzima kabisa, akaja kurogwa baada ya miezi sita"

Nataka nikae hapa kidogo maana hii nimeona inavyotenganisha watu. Mtoto anazaliwa ananawiri, ananyonya, anacheka, anafika miezi mitano sita ghafla vidole vinavimba, analia usiku kucha, macho manjano, na wiki ile ile kuna shangazi au jirani alikuja kumbeba. Basi. Shangazi ameshakuwa mchawi.

Ukweli ni kwamba mtoto alizaliwa na ugonjwa wake siku ya kwanza. Tumboni na miezi ya mwanzo mwili unatumia hemoglobini ya kichanga, ambayo badala ya mnyororo wa beta ina mnyororo unaoitwa gama, na gama haina ile valini, kwa iyo seli hazipindi. Kadiri miezi inavyoenda mwili unazima gama na kuwasha beta, na beta ya huyu mtoto ndo yenye kosa. Janet Watson, daktari wa New York, aliliona hili 1948 kwamba damu ya vichanga inapinda kidogo sana na akahisi hemoglobini ya kichanga ndo inawalinda, kabla hata Ingram hajafika kwenye valini yake. Kwa iyo huyo shangazi hana kosa, alikuja tu siku ambazo gama ilikuwa inaisha. Na ndo sababu kipimo cha sikling cha kawaida (kile cha kuangalia kama seli zinapinda) kwa kichanga kinaweza kusema hana kitu wakati anacho, wanatakiwa wapimwe kwa njia inayotenganisha aina za hemoglobini, na wapimwe mapema, kwa sababu mtoto akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini na chanjo kabla maambukizi hayajamkuta.

"Katoa kwa mama" na "tumeshapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wazima"

Mama peke yake hawezi kuleta SS, yaani mtoto mwenye jeni zote mbili za seli mundu. Jeni moja inatoka kwa mama na moja kwa baba, James Neel alilithibitisha 1949 mwaka ule ule wa karatasi ya Pauling. Baba akiwa AA kabisa, jeni zote mbili za kawaida, mtoto hawezi kuwa SS. Na ile moja ya nne wanayoambiwa wazazi wote wawili wenye AS ni ya kila mimba, haikumbuki mimba iliyopita, kuna familia zina watoto wawili wagonjwa mfululizo na kuna zenye watano wasio na mgonjwa hata mmoja. Na tafadhali, AS, AA na SS sio makundi ya damu, kuwa grupu O hakukuambii chochote hapa.

"Mwenye seli mundu haugui malaria"

Hii inaua. Imetokana na ukweli uliopinda njiani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watoto 290 karibu na Kampala na kuandika 1954: kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, na kati ya 247 wasio na AS walikuwa 113, yaani asilimia kama 28 dhidi ya 46. Ndo maana jeni hii imejaa pwani na ukanda wa ziwa Victoria na imepungua sana kwenye nyanda za juu za baridi, na ndo maana kwa Baamba, kabila la magharibi mwa Uganda, wenye AS walikutwa karibu asilimia 45. Lakini anayelindwa ni AS. Mwenye SS akipata malaria ni hatari kubwa sana kwake, malaria inavunja seli ambazo tayari zinavunjika. Alale kwenye chandarua na atumie dawa ya kinga kama kliniki ilivyomwelekeza.

Na kwa kuwa jeni imefuata malaria haikufuata rangi ya mtu. Iko Oman, Saudia, India, Ugiriki, Sisilia.

"Hawa hawafiki miaka 20"

Wapo wenye miaka 50, 60, wana wajukuu. Hapa kemia ogania inarudi tena, maana dawa iliyobadilisha mambo, haidroksiyurea, ni molekuli ndogo iliyotengenezwa Ujerumani 1869 na kwa miaka mingi hakuna aliyeihusisha na ugonjwa huu. Inafanya mwili uiwashe tena ile gama ya kichanga. Kulikuwa na hofu kwamba huku kwetu penye malaria ingeleta madhara, basi ikajaribiwa kwa watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo ya 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, malaria imepungua na vifo vimepungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, ndio, ila mzazi anayeambiwa "ni dawa ya kansa usimpe mwanao" asinyimwe nafasi ya kuamua kwa sababu ya uoga.

Aulize kliniki, aelezwe, aamue akiwa anajua.

"Sasa wamepata tiba, wanairekebisha ile herufi"

Casgevy, tiba ya kuhariri jeni, iliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Disemba mwaka huo, kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na bei iliyotangazwa Marekani wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2. Ila hairudishi T kuwa A. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanakata sehemu ya jeni nyingine inaitwa BCL11A ambayo ndo huzima hemoglobini ya kichanga, wanampa kemotherapi kali kuondoa uboho wa zamani, alafu wanamrudishia seli zake. Gama inawaka, beta yenye valini bado ipo pale pale. Na kwa kuwa kilichobadilishwa ni seli za damu tu na sio mayai wala mbegu za kiume, mtu aliyepata hii tiba na akaacha kupata maumivu bado anampa kila mtoto wake jeni moja ya S, kwa iyo mchumba wake naye anatakiwa akapime.