Optometria si namba za miwani tu

Wanafunzi wengi wa optometria, taaluma ya kupima macho na kuandika miwani, huliona somo la magonjwa ya mwili kama mzigo wa madaktari: sisi ni miwani, kongosho, kiungo kinachosaidia kudhibiti sukari ya damu, linatuhusu nini?

Chukua mgonjwa wa miaka 45 aliyepewa miwani mwezi uliopita na sasa haoni mbali tena. Sukari ya damu ikipanda, sehemu yake hugeuka sorbitoli, kemikali ya jamii ya sukari, ndani ya lenzi ya jicho; hiyo haitoki kirahisi, inavuta maji, na nguvu ya lenzi inabadilika. Mara nyingi namba huelekea kwenye minasi, yaani upande wa kutoona mbali, kisha hurudi nyuma dawa zikishusha sukari. Ukimwandikia miwani siku hiyo, umemtia hasara. Muulize kuhusu kiu, kukojoa usiku, kupungua uzito. Sukari ikifika 7.0 mmol/L akiwa hajala tangu usiku, mpe rufaa kwa daktari ili kisukari kithibitishwe. Miwani isubiri wiki kadhaa hadi sukari itulie.

Hapo bado hujamaliza. Hakikisha pembe ya mbele ya jicho, pale maji ya jicho yanapotokea, si finyu, panua mboni kwa matone ya tropikamaidi, subiri dakika 20 hadi 30, uangalie retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Vidoa vyekundu, dalili kwamba kisukari kimegusa mishipa ya retina, huweza kuwapo huku mgonjwa akisoma 6/6, yaani uoni wa kawaida, bila kusita.