Kikohozi cha mtoto na antibayotiki: tunayoyaamini na yaliyopimwa Mbeya

Juni na Julai, baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikishika, mabenchi ya zahanati hujaa akina mama na watoto wenye makamasi. Anayeambiwa "mpe vitu vya maji, mfuatilie" huona kapuuzwa, akapitia duka la dawa kununua "rangi mbili", vile vidonge vya antibayotiki.

Dhana: Asipoandikiwa antibayotiki, mtoto hajatibiwa.

Ukweli: Hili limepimwa hapahapa kwetu. Kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022, watafiti walifuatilia vituo 40 vya afya ya msingi katika mikoa ya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo viliendelea na kawaida yake. Kwingine wahudumu walipewa kishikwambi cha kuwaongoza swali kwa swali, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni na kipimo cha tone la damu. Vituo vya kawaida viliwaandikia antibayotiki watoto 70 katika kila 100. Vyenye kishikwambi, 23 tu. Siku ya saba, ambao hali yao ilikuwa bado mbaya walikuwa karibu 4 katika kila 100, pande zote mbili.

Yaani watoto wengi mno walikuwa wanamezeshwa dawa isiyowaongezea kitu. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Inachoacha ni kuharisha na bakteria waliozoea dawa. Hilo linaniuma, kwa sababu siku nimonia ya kweli ikija, dawa ileile inaweza kugoma.

Dhana: Makohozi ya kijani yanadai dawa.

Ukweli: Rangi hiyo hutoka kwenye seli za kinga za mwili. Virusi pia huileta.

Dhana: Kikohozi kikipita wiki, matibabu yameshindwa.

Ukweli: Cha virusi mara nyingi huvuka wiki. Kikifika wiki mbili, mrudishe achunguzwe, kifua kikuu kikiwemo.

Dhana: Basi antibayotiki haina kazi.

Ukweli: Hii ndiyo naiogopa zaidi. Nimonia inaua watoto, na amoksisilini inawaokoa. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi chini ya 5, mpeleke kituoni. Kifua kikibonyea anapovuta hewa, akikataa kunyonya, akipata degedege au akilegea, usisubiri kupambazuke. Aliye chini ya miezi miwili akiugua, mpeleke moja kwa moja.

Asali hutuliza kikohozi, ila asilambishwe ambaye hajatimiza mwaka.