Mdhamini si mfadhili

Kikundi kikianza kuandika katiba, kifungu cha wadhamini hujazwa majina upesi kuliko kingine chochote: diwani mstaafu, mwenye kituo cha mafuta, mama mwenye duka la jumla pale stendi. Ukiuliza kwa nini hao, unajibiwa kwamba wana uwezo. Nadhani neno lenyewe ndilo linalotuponza. Katika Kiswahili cha kila siku, mdhamini ni yule anayekutoa polisi, anayekuwekea saini unapokopa benki, au kampuni iliyochapwa kifuani mwa jezi. Wote hao wanaingiza mkono mfukoni. Mdhamini wa taasisi ya hisani hatakiwi kutoa chochote. Anatakiwa kushika mali ambayo si yake, kwa faida ya watu ambao pengine hatawaona maishani, na hapokei mshahara kwa kazi hiyo.

Wazee watatu walifika mezani kwangu na mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, wao bado wanautunza kwa kuwa ndimo zilimo karatasi. Kiwanja cha madrasa kilinunuliwa kwa michango ya mlango kwa mlango. Mkataba wa mauziano ukaandikwa jina la mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyepata nafasi ya kwenda serikali ya mtaa siku ile. Mwenyekiti akafariki, watoto wakafungua mirathi, na kiwanja kikaorodheshwa pamoja na nyumba na baiskeli ya marehemu. Hakuna aliyeiba. Watoto waliona jina la baba yao, wakaamini walichosoma.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, kwa Tanzania Bara. Inahusu vyombo vya dini, elimu, sayansi, michezo, jamii na hisani. Wadhamini wakisajiliwa na Kabidhi Wasii Mkuu, aliye RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanakuwa mtu mmoja mbele ya sheria: wana lakiri yao, yaani muhuri rasmi wa bodi, wanaweza kushtaki na kushtakiwa, na mali inaandikwa jina la bodi. Mdhamini akifa, hati haifi naye wala haiingii kwenye mirathi yake. Zanzibar wana utaratibu wao, na mali za wakfu huko zina Kamisheni yake.

Mabadiliko ya wadhamini nayo lazima yapelekwe kwa msajili. Hili husahauliwa sana. Nimeona bodi ya watu saba ambayo wanne wamezikwa na mmoja amehamia Mwanza, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, haitimii, benki imezuia akaunti, na ada za yatima zinasubiri. Anayedhani orodha ya wadhamini ni makaratasi tu akumbuke mgogoro wa chama cha siasa cha CUF: pande mbili zilifikishana mahakamani kugombania nani wadhamini halali, hadi Mahakama Kuu ikabatilisha usajili wa bodi Februari 2019.

Sasa kazi yenyewe. Mdhamini anasoma katiba, yote, siyo ukurasa wenye jina lake. Anahudhuria vikao. Pesa iliyochangwa kwa ajili ya kisima haihami kwenda kwenye bati la ofisi eti "tutarudisha". Kila robo mwaka anaomba taarifa ya benki yenyewe, siyo muhtasari ulioandikwa na mweka hazina, na anailinganisha na nakala za kwenye kitabu cha risiti. Ni kazi ya dakika arobaini na kikombe cha chai. Asikubali kusaini hundi tupu kwa sababu "mweka hazina anasafiri kesho". Hundi tupu yenye saini mbili ni pesa taslimu iliyoachwa barazani.

Mdhamini mwenye lori la mchanga anaweza kuiuzia taasisi mchanga, kama katiba haikatazi. Aseme mapema kwamba lori ni lake, atoke nje bei inapojadiliwa, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Sipendi kanuni ya "sisi ni ndugu, tunaaminiana". Ndugu ndio wanaokosana vibaya zaidi. Kurudishiwa nauli kwa risiti, kwa upande mwingine, si dhambi, na ninawashangaa wanaowanyima wadhamini wajane nauli ya kuja kikaoni halafu wakalalamika kwamba hawahudhurii.

Kuhusu kujitolea: bure haimaanishi hiari. Cheti cha usajili hakimfuniki mdhamini kwa uzembe wake mwenyewe. Mali iliyopita mikononi mwake anaijibia, na kusema "mimi nilikuwa jina tu" hakumwokoi mtu. Usipokubaliana na uamuzi, sema, kisha hakikisha katibu ameandika kwamba ulipinga. Ukichoka, jiuzulu kwa barua na ubaki na nakala, kwani kuacha kuhudhuria hakukuondoi kwenye orodha.

Kwa hiyo ukifuatwa na heshima ya kuombwa uwe mdhamini, usikubali hapo hapo mlangoni. Omba katiba, cheti, hati ya kiwanja na taarifa ya benki ya karibuni, halafu uliza lakiri inakaa wapi. Ukiambiwa iko nyumbani kwa fulani, naye fulani amesafiri, msubiri arudi kwanza ndipo utoe picha zako za pasipoti.